Kisanduku Kinachonusa Moshi

Kwetu dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, ofisi ya kijiji ina ukuta mmoja unaopata kivuli kuanzia adhuhuri, na penye kivuli pana benchi. Benchi lenyewe ni ubao wa boti iliyokufa, umelazwa juu ya matofali, na kila mmoja ana sehemu yake ambayo mwingine hakai. Mwisho wa kushoto ni Mzee Bwanaheri, anayeitwa Kalenda, kwa sababu ukimtajia mwaka wowote atakuambia kilitokea nini. Katikati ni Mashaka, fundi wa mashine za boti, anayeitwa Injinia, ingawa nusu ya boti alizotengeneza hurudi kwa kasia. Mwisho wa kulia ni Sufiani, aliyekaa Mbagala miezi minane akarudi na maneno ya huko, basi anaitwa Mbagala. Mbele yao huchuchumaa Babu Dadi na dele lake la kahawa. Yeye hana jina la utani, maana ndiye anayeshika vikombe. Na juu ya vichwa vyao, ukutani, kuna kisanduku cheupe ambacho halmashauri ilikileta siku arobaini zilizopita kupima hewa. Kina kioo kidogo cha namba na taa moja. Ikiwa kijani, hewa ni safi. Njano, hewa ni ya wasiwasi. Nyekundu, hewa ni mbaya. Kazi yangu ni kusoma namba mara tatu kwa siku na kuiandika kwenye daftari. Mtendaji alinichagua mimi kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na nyumbani kwetu si mbali.

Jumanne ile nilifika saa kumi na nusu. Taa ilikuwa nyekundu, kama ilivyokuwa karibu kila alasiri.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mzee Bwanaheri. Kinasemaje leo?

— Mia moja themanini na mbili.

Mzee alisonya. Babu Dadi aliacha kumimina kahawa.

Hofu yetu ilikuwa mlangoni pa ofisi, imebandikwa kwa gundi. Ilikuwa barua. Ilisema afisa mazingira atakuja Jumanne hiyo na maji ya kujaa, atachukua daftari, na kama hewa ya dikoni ni mbaya kiasi hiki kila siku, wanawake saba wanaobanika samaki watahamishwa pamoja na chanja zao, vile vichaga vya miti wanavyopanga samaki juu ya moto, waende ng'ambo ya mto. Mama yangu, Mwantumu, ni mmoja wa wale saba. Ng'ambo ile maji yakikupwa hakifiki chombo, na samaki hongwe asiyebanikwa siku ileile huyo si wa kuliwa tena. Kwa hiyo kila nyekundu niliyoandika, nilikuwa naandikia mama yangu safari.

— Mimi nishasema toka mwanzo, alisema Sufiani. Hicho kitu hakipimi hewa. Hiyo ni kamera, mazee. Kule Mbagala kilikuwepo kimoja, kilikuwa kinahesabu watu wanaopiga stori saa za kazi.

— Wewe kingekuhesabia nini? aliuliza Mashaka. Saa zako za kazi zinaanza saa ngapi?

— Niache, bro. Nipo kwenye mipango.

— Toka mwaka juzi upo kwenye mipango. Sikilizeni, hii si kamera. Mimi nimekitazama kwa nje.

— Kwa nje tu? aliuliza Babu Dadi.

— Kwa nje tu, wallahi. Kina feni ndani, inavuta hewa. Sasa feni imevuta hewa ya chumvi siku arobaini, koo lake si litakuwa limekauka? Kisanduku kina mafua hicho. Mtu mwenye mafua utamwuliza habari za harufu?

— Kwa hiyo tukipe nini?

— Kingewekewa tangawizi ningekuwa na imani nacho.

Mzee Bwanaheri alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayewasikiliza watoto.

— Nyinyi mnatazama karibu. Moshi huu ni wa mbali. Mwaka tisini na nane, mwaka ule wa elinino, niliona kwa macho yangu wingu jeusi limetoka baharini likasimama hapa dikoni siku tatu. Ni meli zile. Zinapita kule nje saa tisa, zinakwenda bandarini Dar. Zinatema moshi, upepo unauleta, saa kumi umefika kwetu. Pigeni hesabu.

— Meli zinapita kila siku saa tisa kamili?

— Zina ratiba.

— Mbona usiku hatuzisikii?

— Usiku zinazima injini, zisisumbue waliolala.

— Zinakwendaje sasa?

— Injinia, mimi naeleza habari za moshi. Habari za injini ni zako.

Babu Dadi alimpa kikombe ili ashushe pumzi. Halafu naye akatoa lake. Yeye alisema kisanduku kimezaliwa nchi ya baridi, na hewa kinayoijua ni hewa kavu, ya mahali kama Njombe. Hewa yetu ina jasho. Kisanduku kikinusa jasho kinashtuka, kinawaka nyekundu.

— Basi kivalishwe sweta, alisema Sufiani.

— Sweta la nini kwenye joto? Kipepewe.

Wakati wanabishana, Mzee Bwanaheri aliinama chini ya benchi akatoa makumbi mengine ya nazi, akayaongeza kwenye karai bovu lililokuwa linafuka moshi miguuni pake. Kisha akalinyanyua karai, akaliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, ili moshi upande vizuri. Kazi hiyo alikuwa anaifanya kila siku akitoka sala ya alasiri, na hakumwachia mtu. Siku kisanduku kilipoletwa, afisa aliwaambia watu wa benchi, wazee wangu, nawakabidhi nyinyi, msiache manyigu wakajenga ndani. Siku ya tatu manyigu wawili walikuja kuzungukazunguka. Huku kwetu mbu, nyuki na manyigu wote dawa yao ni moshi wa makumbi. Mzee akaichukua ile kuwa amana yake. Na kweli, katika siku arobaini hakuna nyigu hata mmoja aliyepata kujenga.

Asubuhi ile nilikuwa nimelikagua daftari ukurasa kwa ukurasa. Niliona jambo.

— Mzee, nilisema, kuna alasiri moja ya ajabu, haikuwa nyekundu.

— Ipi?

— Jumamosi aliyozikwa marehemu Mfaume. Saa kumi na nusu iliandika kumi na nne. Kijani.

— Allah amrehemu, walisema wote.

Mashaka aliligeuza daftari upande wake akasoma mwenyewe.

— Labda siku hiyo samaki hawakupatikana. Chanja zilikuwa zimelala.

— Chanja zote saba zilikuwa zinawaka. Viliingia vyombo viwili vya hongwe. Mama alikwenda kilioni jioni kabisa, amejaa majivu.

Hapo benchi likachangamka.

— Si nilisema? Kamera hiyo, alisema Sufiani. Ilitazama ikaona hakuna mtu, ikazima zake.

— Mafua yalikuwa yamepoa, alisema Mashaka. Mafua huwa yanapoa siku moja yanarudi.

— Mfaume alikuwa mtu wa watu, alisema Babu Dadi taratibu. Hata hewa ilikwenda kuzika.

— Meli zilipewa taarifa ya msiba, alisema Mzee Bwanaheri. Zikapita mbali.

— Nani aliwapigia simu?

— Mabaharia wanajuana.

Nilikuwa nimelishika daftari kwa mikono miwili. Mzee Bwanaheri ndiye aliyenifundisha kusoma juzuu nilipokuwa na miaka sita. Nilipokosea alikuwa hanipigi. Alikuwa ananirudisha mwanzo wa aya na kunisubiri. Sikujua mtoto anamrudishaje mwalimu wake mwanzo wa aya. Nikaona bora niulize.

— Mzee, siku ile ya mazishi, makumbi aliwasha nani?

— Angewasha nani? Sote tulikuwa makaburini.

Wa kwanza kunyanyua macho alikuwa Mashaka. Moshi wa makumbi ulikuwa unapanda wima kutoka kwenye karai, unapita katikati ya mabega yao, unaingia moja kwa moja kwenye wavu mdogo chini ya kisanduku. Ungedhani umeonyeshwa njia.

— Mzee Kalenda, alisema polepole, hebu tazama juu.

Mzee alitazama. Sufiani alitazama. Babu Dadi aliinuka kabisa, akashika kiuno.

— Duh, alisema Sufiani. Kumbe tunakifukiza wenyewe.

— Siku arobaini, alisema Mashaka.

— Thelathini na nne, nilisema. Kabla ya manyigu kulikuwa na siku mbili za kijani, halafu kuna Ijumaa tatu mlizochelewa, na ile ya mazishi.

Mlio wa boti ulisikika kutoka kwenye kona ya mto. Maji yalikuwa yamejaa, na tuliujua mlio ule. Ilikuwa boti ya halmashauri.

Sufiani alikuwa wa kwanza kupata akili.

— Tulifiche karai. Tumwambie kisanduku kibovu, basi. Yeye atajuaje?

— Kina mafua, alisema Mashaka. Hilo hata mimi naweza kulieleza kitaalamu.

Babu Dadi alikuwa ameshanyanyua birika la maji azime makumbi. Mzee Bwanaheri alimshika mkono.

— Usimwage.

— Mzee, afisa huyo anakuja.

— Ndiyo maana. Tukimwambia kibovu, ataleta kingine na barua itabaki palepale mlangoni. Wale wanawake saba watakaa na barua hiyo mpaka lini? Liacheni karai, alione likiwaka.

Aliinuka, akavaa kofia yake vizuri, akakaa tena kumngoja mgeni.

Afisa mazingira anaitwa Bi Hafidha. Alipanda kutoka mtoni na viatu mkononi, tope limemfika kwenye vigimbi vya miguu. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Kabla hajaomba daftari, Mzee Bwanaheri alianza.

— Mwanangu, ulitukabidhi amana, ukasema manyigu wasijenge. Hawakujenga. Lakini tazama tulivyowazuia.

Akamwonyesha karai, akamwonyesha wavu, akamwonyesha moshi. Hakujificha nyuma ya mtu. Alisema, niliyewasha ni mimi, hawa walikuwa wanakunywa kahawa tu.

Bi Hafidha alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mabega yake yalitikisika kidogo. Alipoweza kusema, alisema:

— Mzee wangu, kosa ni langu. Sikukuambia uwazuie kwa kitu gani. Hebu tujaribu.

Mashaka alilibeba karai akalipeleka mbali, upande wa chini wa upepo, akalimwagia maji. Halafu sote tukasimama mbele ya kisanduku. Mimi nilikuwa nasoma namba kwa sauti.

— Mia moja sabini. Mia moja thelathini na tano. Tisini.

— Shuka, baba, shuka, alisema Sufiani.

— Sitini na moja. Arobaini.

Taa ikawa njano. Watu waliokuwa wanashona nyavu walisogea kutazama. Babu Dadi alikuwa ameshika kikombe kitupu bila kujua.

— Ishirini na nane. Kumi na tisa.

Taa ikawa kijani. Kule chini chanja zote saba zilikuwa zinafuka kama kawaida, na moshi wake ulikuwa unapeperuka kwenda mikokoni.

Bi Hafidha alichora mstari kwenye zile alasiri thelathini na nne, akaandika pembeni sababu yake, akatia sahihi. Kisha akaenda mlangoni akaibandua barua. Ilitoka vipandevipande, maana gundi ilikuwa ya kweli.

— Umesikia, Injinia? alisema Sufiani. Moshi wa samaki hauna noma.

— Nilijua. Ule ni moshi wenye faida, hauwezi kudhuru.

— Mababu wamebanika hapa tangu kabla ya ofisi, alisema Mzee Bwanaheri, sauti imemrudi. Ingekuwa una madhara, tusingezaliwa.

Nilimwona mama anakuja. Alikuwa ameiona boti, akaacha moto kwa wenzake. Kanga ameifunga kiunoni, macho mekundu, vidole vimeiva kwa majivu. Katika siku zote arobaini alikuwa hajakisogelea kisanduku. Akipita njia ile hugeuza uso. Hata sasa alisimama mbali, hatua kama kumi.

— Tunahama? aliuliza.

— Hamhami, mama, alisema Bi Hafidha.

Mama alifungua mdomo kujibu, kikohozi kikamshika. Aliinama, akashika goti, akakohoa kwa muda mrefu. Sote tulinyamaza kumsubiri amalize, kama tunavyofanya siku zote. Alipomaliza, Mashaka aliendelea na habari ya moshi wenye faida kutoka palepale alipoishia.

Bi Hafidha hakuwa anamsikiliza.

— Mama, hicho kikohozi kina muda gani?

— Kikohozi kipi? alisema mama.

Bi Hafidha akawageukia watu wa benchi.

— Wazee, nyinyi mko naye hapa kila siku. Kilianza lini?

Sufiani alimtazama Mashaka. Mashaka alimtazama Mzee Bwanaheri, kwa sababu maswali yote yanayoanza na lini ni yake. Mzee alifungua mdomo. Alianza kuhesabu kwa vidole, mwaka wa mafuriko, mwaka wa daraja, akafika kidole cha tatu akaacha. Babu Dadi aliinamisha dele apate cha kuwapa watu mkononi. Lilitoa matone mawili na machicha. 

— Huyu alikuwa kidato cha pili, alisema mama. Alikuwa ananitazama mimi. Kifua kilinibana masika yale, nikamwambia aache shule wiki mbili aje anishikie chanja.

— Halafu?

— Halafu hizo wiki mbili hazijaisha.

Mzee Bwanaheri alivua kofia akaipakata.

Bi Hafidha alivaa viatu vyake juu ya tope, akamfuata mama pale alipokuwa amesimama. Aliongea naye kwa sauti ya kawaida, na sote tulisikia.

— Upepo wa alasiri unapeleka moshi wenu mikokoni, mama. Hapa ukutani haufiki. Kijani hii ni ya benchi, si yako wewe. Halmashauri ina tanuri moja la majaribio, lina kuta na dohani, moshi unatoka juu badala ya kukujia usoni. Tunatafuta pa kulijenga. Lakini lazima tupime kwanza kwenye chanja ya sasa, halafu tupime kwenye tanuri, tuone kama linasaidia kweli au ni maneno. Na mwenye chanja akubali.

— Kisanduku kikae kwangu?

— Ukikubali.

— Kitawaka nyekundu.

— Kitawaka, mama. Sikufichi.

— Halafu mje na barua nyingine.

— Kikiwaka tunabadilisha moto. Wewe hatukuhamishi.

— Hayo ni maneno.

— Ndiyo. Ni maneno yangu.

Mama aligeuka nyuma. Wenzake wawili walikuwa wamepanda kutoka kwenye chanja, wamesimama nyuma yake. Alijifuta mikono kwenye kanga.

— Zuhra, andika. Kama alivyosema, usipunguze. Naye atie sahihi.

Niliandika kwenye ukurasa mpya. Kisanduku kikiwaka nyekundu kwenye chanja ya Mwantumu, utabadilishwa moto, Mwantumu hatahamishwa, wala wenzake sita. Hao wenzake sita alikuwa hajawataja Bi Hafidha, lakini aliposoma hakubisha. Alitia sahihi na tarehe. Mzee Bwanaheri aliomba kalamu naye akaandika jina lake chini, kwa herufi za Kiarabu, kuwa shahidi. Sufiani akataka naye, Mashaka akamwambia huu si mchango wa harusi, lakini kalamu akampa.

Mashaka alileta nyundo na bisibisi, akakitoa kisanduku ukutani kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona akizifanyia mashine za watu. Tuliteremka nacho hadi kwenye chanja. Moto wa mama ulikuwa unawaka, hongwe wamepangwa vichwa upande mmoja, na mbele yake kuna nguzo ya banda.

— Tukipandishe huku juu kwenye paa, mama Zuhra, alisema Mashaka. Moshi wa huku juu mwepesi. Namba zitakuwa na adabu.

Mama alikwenda akasimama pale anaposimama kila siku kugeuza samaki, akaukabili moto. Moshi ukamfunika mpaka mabegani. Aliunyoosha mkono akagusa nguzo kwa kidole chenye majivu, pakabaki alama.

— Hapa, alisema. Usawa wa pua yangu.